Usiwashe amplifaya kabla clip~ haijaingia ndani ya kitanzi

Mkuu, usiunganishe amplifaya leo. Hiyo pachi yako ya Pure Data (programu ya kutengeneza sauti kwa kuunganisha visanduku) itaunguza twita, yaani spika ndogo ya sauti za juu.

Umeuliza kuhusu mkwaruzo unaposogeza slaida, kibodi ya MIDI inayochelewa, na kurekodi faili la WAV. Katikati ukagusia tu kwamba kitanzi cha mwangwi cha milisekunde 250, ambamo sauti hurudishwa tena na tena, umekiwekea *~ 1.02 (kila mzunguko sauti inazidishwa kwa 1.02) ili mwangwi usife, na kwamba umeshajikinga kwa clip~ -1 1 (kisanduku kinachokata chochote kinachovuka -1 au 1) kabla ya dac~, mlango wa kutokea kwenda kwenye spika. Hapo ndipo penye moto.

Aliyekwambia clip~ ya mwisho inatosha amekupotosha. Nami niliambiwa vivyo hivyo, nikaamini, twita mbili zikaungua. Inaniuma kuona ushauri huu bado watu wanapeana bila kuupima.

Piga hesabu. Kwa 1.02 sauti huongezeka maradufu kila mizunguko 35, yaani chini kidogo ya sekunde 9. Anza na 0.1: dakika moja ikipita, mizunguko 240, ndani ya delwrite~ (kisanduku kinachohifadhi sauti ya mwangwi) kuna 11.6. Dakika 5 zikipita, kuna kama bilioni 2. Ile clip~ ya nje inakata kile tu kinachokwenda kwenye spika, kitanzi chenyewe kinaendelea kuvimba. Kinachotoka ni wimbi lililokatwa kichwa, karibu la mraba, lenye masafa mengi ya juu na nguvu isiyopumzika. Masafa hayo yote huishia kwenye twita, koili inapata joto, inakatika. Na ukishtuka ukashusha hadi 0.9, kelele haikomi: kutoka bilioni 2 kurudi 1 ni mizunguko kama 204, sekunde 51 nzima. Ikikukuta, zima amplifaya kwanza, kisha tuma ujumbe clear kwa delwrite~.

Ukomo uwe ndani ya kitanzi. Panga hivi: delread~ (inayosoma sauti iliyohifadhiwa), hip~ 5 (kichujio kinachopunguza masafa ya chini ya Hz 5), lop~ 4000 (kinachopunguza yaliyo juu ya Hz 4000), *~ 0.95, clip~ -1 1, delwrite~. Sauti mpya iingie kwenye clip~, pamoja na ile inayorudi, ili jumla yake ndiyo ikatwe. Usiiingize moja kwa moja kwenye delwrite~. Usiiondoe hip~ 5, kwa sababu DC ndogo (kiwango kisichobadilika, kisichosikika) inayoingia mfululizo hujilimbikiza, na kwa 0.95 hufika mara 20 ya ilivyoanza. Ukitaka mwangwi usiokufa kweli, toa clip~ uweke expr~ tanh($v1), hesabu inayobana sauti taratibu badala ya kuikata. Hapo hata 1.02 haitapanda kupita kiasi, maana tanh haivuki 1 kamwe.

Kisha pima, spika zikiwa zimechomolewa na hedifoni ikiwa mezani. Vuta waya kutoka kwenye clip~ hadi env~ (kipimo cha ukubwa wa sauti), na kutoka env~ hadi kisanduku cha namba. Kwenye env~, 100 ni sawa na RMS (wastani wa ukubwa wa wimbi) ya 1. Cheza noti chache, acha, subiri dakika 5. Namba ikipanda wakati huchezi chochote, kitanzi bado ni kibovu, na spika zisubiri.

Mkwaruzo wa slaida ni rahisi. Namba ikienda moja kwa moja kwenye *~, sauti inaruka ghafla kwenye mpaka wa bloku ya sampuli 64, na mruko huo ndio unaousikia. Pitisha slaida kwenye ujumbe $1 20 (namba ya slaida, ifikiwe kwa milisekunde 20), kisha line~ inayoisogeza taratibu, kisha ingizo la kulia la *~. Hiyo *~ isiandikwe namba ndani, la sivyo ingizo la kulia halitapokea ishara ya sauti. Kuongeza bufa (akiba ya sauti inayosubiri kuchezwa) hakusaidii hapa, bufa hutibu sauti inayokatika kompyuta inapolemewa.

Na ukiwa na kitanzi cha pili, hata kinachozunguka kupitia send~ na receive~ (visanduku vinavyopitisha sauti bila waya wa kuchora), nacho kipe clip~ yake. Ile ya kwanza haikilindi.