Dalili ya kwanza ya balehe huja miaka miwili kabla ya damu

Wazazi wengi husubiri binti avunje ungo ndipo waanze kuzungumza naye. Hapo wameshachelewa. Hata mafunzo ya kungwi, kwa jamii nyingi za pwani, yalianza mwali akishaona damu. Kinachotangulia ni titi, na kwa kawaida kati ya titi kuchomoza na hedhi ya kwanza hupita kama miaka miwili, au miwili na nusu. Muda huo ukitumiwa vizuri, siku ya damu haimshtui mtoto.

Kwa wasichana mambo huanza kati ya miaka 8 na 13. Tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, huanza kutoa homoni zinazoamsha ovari, yaani viungo vinavyotunza mayai, mwanzoni zaidi usiku mtoto akiwa usingizini. Ovari nazo hutoa estrojeni, homoni ya kike. Nyuma ya chuchu hutokea kivimbe kigumu kidogo, mfano wa kifungo cha shati, kinachouma akilala kifudifudi au mwenzake akimgonga kifuani. Mara nyingi hujitokeza upande mmoja kwanza, na wa pili hufuata ndani ya miezi michache. Akina mama wengi hapa huingiwa na hofu ya saratani. Kivimbe hiki kisikandwe, kisifungwe kwa kanga, na asitokee mtu wa kukikata, kwa sababu titi zima la baadaye linatokana nacho. Kikiondolewa, titi halitaota. Kinachohitajika ni sidiria laini ya pamba isiyo na waya, au singlendi ya kuvaa ndani ya sare.

Nywele za kwapa na za sehemu za siri huchochewa zaidi na tezi zilizo juu ya figo, ndiyo maana zinaweza kutangulia titi au kuchelewa. Kikwapa huja wakati huohuo. Jasho lenyewe halinuki. Bakteria wa kwenye ngozi ndio wanaolila na kutoa harufu. Kwa hiyo kupaka manukato juu ya kwapa lenye jasho la jana hakusaidii. Aoge kwa sabuni asubuhi na jioni, ajikaushe kwapa vizuri, avae shati lililofuliwa, kisha ndipo apake dawa ya kwapa. Limau huunguza ngozi, hasa iliyonyolewa.

Halafu mwili unarefuka, na miguu ndiyo inayoanza: viatu vya shule hubana kabla gauni halijafupika. Katika kilele chake msichana huongezeka takriban sentimita 8 kwa mwaka, na kilele hicho hupita kabla ya hedhi. Akishavunja ungo, wengi hubakiwa na sentimita 5 hadi 7 tu. Anayetaka mtoto wake arefuke amlishe mapema: maharage, dagaa, mayai, maziwa, mboga za majani.

Miezi 6 hadi 12 kabla ya damu, chupi huanza kuwa na ute mweupe usionuka. Huo si ugonjwa wala uchafu. Asijioshe ndani kwa sabuni au dawa ya kuua vijidudu. Maji safi ya nje yanatosha. Ute ukiwasha, ukinuka au ukiwa kama maziwa yaliyoganda, apelekwe akapimwe. Ukiuona ute wa kawaida, jua muda umekaribia. Muwekee kwenye begi la shule kimfuko chenye pedi tatu, chupi moja safi, kipande cha sabuni na kifuko kisichopitisha maji cha kurudishia iliyochafuka. Mwonyeshe pedi inavyobandikwa, kwa vitendo, juu ya chupi yake mwenyewe. Baba anayelea peke yake aifanye kazi hii bila haya, au amwombe shangazi, lakini ifanyike.

Damu ya kwanza mara nyingi ni ya kahawia na ni kidogo, na watoto wengi hudhani ni kinyesi. Waambie hilo mapema. Hedhi hudumu siku 2 hadi 7. Jumla yake ni mililita 30 hadi 40, japo kwa macho huonekana nyingi zaidi. Pedi ibadilishwe kila baada ya saa 4 hadi 6 hata kama haijajaa, izungushiwe karatasi na kutupwa kwenye pipa, isiingizwe kwenye choo cha maji. Pedi ya kitambaa ni nzuri kabisa ikitunzwa: ilowekwe kwenye maji ya baridi, maana ya moto hugandisha damu kwenye nyuzi na doa halitoki, ifuliwe kwa sabuni, isuuzwe, ianikwe juani hadi ikauke kabisa. Ile inayofichwa chini ya godoro ikiwa na unyevu ndiyo inayoleta muwasho na vipele.

Mwaka au miaka miwili ya mwanzo mzunguko huyumba, siku 21 hadi 45, kwa sababu yai halipevuki kila mwezi. Hapo kuhesabu siku salama ni kujidanganya. Tena yai la kwanza linaweza kutoka kabla ya damu ya kwanza, kwa hiyo msichana ambaye hajavunja ungo bado anaweza kushika mimba. Aambiwe hivyo waziwazi.

Maumivu ya tumbo husababishwa na kemikali zinazolikaza jumba la uzazi. Ibuprofeni huzizuia, ndiyo maana hufanya kazi vizuri ikimezwa mara maumivu yanapoanza, baada ya chakula. Mwenye pumu au vidonda vya tumbo amuulize mhudumu wa afya kwanza. Damu inayopotea inahitaji madini ya chuma: maini, dagaa, mchicha na maharage, pamoja na chungwa au ndimu ili yafyonzwe vizuri. Chai isubiri saa moja baada ya mlo, kwani huyazuia.

Mpeleke hospitali akilowesha pedi kila saa moja au mbili, akitoka damu zaidi ya siku 7, au akifika miaka 15 bila hedhi. Vilevile akiumwa tumbo kila mwezi bila damu kutoka, maana huenda njia ya uke imeziba. Titi likianza kabla ya miaka 8, apimwe pia: balehe ya mapema husimamisha mapema ukuaji wa mifupa, na mtoto aliyekuwa mrefu kuliko wenzake anaweza kuishia kuwa mfupi.

Wavulana huachwa wajisomee wenyewe, na hilo si haki. Kwao kati ya miaka 9 na 14 korodani ndizo hukua kwanza, kabla ya uume, nywele na sauti, kwa hiyo nyumbani hakuna anayeona. Kurefuka kwao huja kama miaka miwili baada ya wasichana. Mvulana mfupi wa miaka 13 mara nyingi hana tatizo lolote. Ikifika 14 korodani hazijakua, aonane na daktari. Karibu nusu yao huota kivimbe nyuma ya chuchu, wakavaa sweta kwenye joto kukificha. Kwa kawaida hupotea chenyewe ndani ya miezi 6 hadi miaka miwili. Ndoto nyevu nazo ni za kawaida. Mfundishe kubadilisha shuka mwenyewe na usimuulize maswali.

Kuna jambo moja kila mvulana anapaswa kuambiwa kabla halijatokea: korodani ikiuma ghafla na vikali, pengine na kutapika, aseme saa hiyohiyo, hata usiku wa manane bwenini. Huenda imejisokota na kukata mtiririko wa damu, na uwezekano mkubwa wa kuiokoa uko ndani ya saa 6. Asipewe dawa za maumivu akangojea asubuhi. Apelekwe hospitali yenye upasuaji, na njiani asile wala asinywe chochote, kwani huenda akaingizwa moja kwa moja chumba cha upasuaji.