Magurudumu ya T-34 na picha za gwaride

Kifaru changu cha plastiki, modeli ya T-34-85 ya Kisovieti kwa kipimo cha 1/35, kilinichukua miezi minne kukijenga. Nilikusudia kiwe kimoja kati ya vile vilivyoingia Berlin mwaka 1945, kwa hiyo nilikipaka vumbi la matofali, tope kwenye minyororo na masizi nyuma penye ekzosi. Magurudumu yaliyokuja na seti hayakunipendeza. Nikaagiza mengine, yale yenye mbavu tano kama kiti cha pweza, kwa sababu ndiyo niliyoyaona kwenye picha moja safi ya kifaru cha gwaride. Nilipomaliza nikaituma picha kwenye kundi letu la WhatsApp. Mzee mmoja aliyeanza mchezo huu kabla sijazaliwa akanijibu kwa sauti ya sekunde sita: "Mwanangu, hayo ni magurudumu ya T-55. Vita vilikwisha zamani."

Kweli tupu. T-55 ni kifaru kilichokuja baada ya vita. T-34 nazo ziliendelea kutumika miongo mingi baada ya vita, na kila zilipoingia karakana zilitoka na kitu kipya: taa, redio, magurudumu. Kifaru nilichokiiga kilikuwa kimekarabatiwa, nami nikakitumia kama shahidi wa mwaka 1945.

Sikuacha kutumia picha za gwaride, na wewe usiache. Kwetu sisi tunaojenga modeli mbali na makumbusho makubwa, hakuna hazina kama gwaride la Siku ya Ushindi la Moscow, kila tarehe 9 Mei. Mashine moja hupigwa picha na watu mamia, mchana kweupe, mbele, nyuma na ubavuni, na nyingine kutoka juu ya majengo. Vyuma vimeoshwa na vifuniko vimefungwa. Kila mshono wa kuchomelea unaonekana. Ila kumbuka kwamba hicho unachokitazama kimepambwa kwenda harusini.

Anza kwa kuvua mapambo. Jeshi la Kisovieti lilikuwa na desturi ya kupaka rangi nyeupe kingo za magurudumu kwa ajili ya gwaride, na magari ya leo hubandikwa nyota, beji za kikosi cha walinzi na utepe wa machungwa na mweusi. Minyororo ya vifaru vya sasa hufungwa pedi za mpira ili isichimbe barabara ya mji. Ukikiweka kifaru chenye pedi hizo na ukingo mweupe katikati ya msitu wenye theluji na moto, anayejua atacheka. Rangi nayo ni ya juzi tu. Ukitafuta mahali rangi inapochubuka au mafuta yanapovuja, gwaride halitakusaidia, kwa hiyo tafuta picha za mazoezi ya nyikani.

Halafu uliza umri na uzao wa mashine. Mwaka 2019 Urusi ilipokea T-34 thelathini kutoka Laos, na baadhi yake zikaanza kuonekana kwenye magwaride. Taarifa za wakati huo zilisema zilitengenezwa Chekoslovakia baada ya vita. Macho ya kawaida huona T-34 tu. Mjenzi anapaswa kuuliza kiwanda, maana hata wakati wa vita kichwa cha kifaru kilichosubiwa kiwandani Nizhny Tagil hakikufanana kabisa na cha Gorky au Omsk. Mistari ya kalibu hupita mahali tofauti. Hapo ndipo wengi wetu huanguka, na seti nyingi za bei nafuu hazikuambii umeuziwa kiwanda kipi.

Kuna na vitu ambavyo nje ya gwaride havikuwahi kuwa na maisha. Mwaka 1965 kombora kubwa la GR-1 lilipitishwa kwenye gwaride la Moscow, mabalozi wakaliandika kwenye daftari zao, lakini halikuingia kazini hata siku moja. Miaka kumi kabla, mwaka 1955, ndege za M-4 za kudondosha mabomu zilipita juu ya Tushino, uwanja wa ndege wa Moscow, zikazunguka na kupita tena, na Wamarekani wakahesabu nyingi kuliko zilizokuwapo. (Sisi tukizungusha daladala ileile mara tatu tunakamatwa.) Jenga GR-1 ukipenda, ni modeli nzuri, lakini iweke juu ya gari lake lililong'arishwa, kwenye mawe ya uwanja wa gwaride.

Ushauri ninaoupenda kuliko wote ni huu: tafuta picha za mazoezi kabla ya picha za siku yenyewe. Siku yenyewe kamera rasmi ziko mahali palepale, na utapata pembe ileile mara elfu. Wakati wa mazoezi magari husimama kwenye barabara ya Tverskaya usiku, madereva wakiwa nje wanavuta sigara, vifuniko wazi, na raia wako hatua chache tu. Ndani ya mlango uliofunguliwa utaona rangi ya kiti. Mwaka 2015 T-14 Armata, vifaru vipya vya Urusi, zilianza kuonekana kwenye mazoezi zikiwa zimefunikwa turubai kichwani, kisha turubai likaondolewa, na kwenye mazoezi ya mwisho moja ikazimika mbele ya watu. Ilikuwa aibu kwao, lakini sisi tulipata mashine iliyosimama tuli na watu wakiizunguka.

Kwa ndege mazoezi ni muhimu zaidi, kwa sababu hali ya hewa haina adabu. Mwaka 2022 ndege nane za kivita za MiG-29 zilifanya mazoezi ya kupita juu ya Moscow zikiwa zimejipanga herufi Z, na tarehe 9 sehemu yote ya ndege ikafutwa. Anayezitaka ndege zile atazipata kwenye picha za mazoezi tu. Faida ya ndege za gwaride ni tumbo. Karatasi za maelekezo hukuonyesha mgongo vizuri, chini wanakuwekea mchoro mdogo kama stempu. Picha iliyopigwa kutoka barabarani inakupa milango ya magurudumu, viungio vya makombora na pale moshi unapotia weusi.

Kupima si kazi ngumu. Gurudumu la asili la T-34 lina kipenyo cha milimita 830, na kwa 1/35 hiyo ni kama milimita 23.7. Chagua picha iliyopigwa ubavuni kabisa, pima gurudumu kwenye skrini kwa rula, kisha kitu unachotaka kukijenga, tuseme sanduku lililo jirani. Gawanya sanduku kwa gurudumu, zidisha kwa 23.7, umepata milimita za sanduku kwenye modeli yako. Picha iliyopigwa kwa mshazari usiipime, itakufupishia kila kitu.

Hapa kwetu Kenya, ndege za kivita za F-5 zikipita kwenye sherehe za kitaifa, simu ziko hewani zote na hakuna anayekuuliza. Tumia siku hiyo. Ila karibu na kambi usinyanyue simu hata kidogo. Kumwelezea askari kwamba unataka kujua rangi ya bawa kwa ajili ya modeli ya plastiki ni mazungumzo marefu.

Kile kifaru changu sikukitupa. Jioni tatu nilikwangua tope na masizi yote kwa maji ya sabuni na mswaki wa zamani, nikapaka kijani kibichi upya, nikazungushia magurudumu yale ya T-55 mstari mweupe. Sasa ni kifaru cha gwaride, na magurudumu yake hayana kosa. Mstari wa gurudumu la nne umepinda, kwa hiyo upande huo nimeugeuzia ukutani.