Ukiwa ndani ya chroot, usiiulize uname

Usiku ule nilikuwa nimemaliza kila kitu, au ndivyo nilivyojidanganya. Nilikuwa nafunga Gentoo, aina ya Linux unayoijenga kutoka msimbo, kwenye laptopu ya mtumba: nimeiwasha kwa flashi, kisha nikaingia kwenye mfumo mpya kwa amri ya chroot. Keneli, kiini cha mfumo, nimeikompaili mwenyewe kutoka gentoo-sources, kifurushi cha msimbo wake, feni ikilia kama cherehani kwa karibu masaa mawili. Zikabaki hatua mbili tu: kutengeneza initramfs (mfumo mdogo wa muda unaobeba viendeshi vya kufikia diski mashine inapowaka) kwa programu ya dracut, kisha kuweka GRUB, programu inayoiwasha keneli. Nikaandika `dracut`, nikabonyeza Enter. Ikanijibu kwamba folda ya moduli, vile vipande vya keneli vinavyopakiwa vikihitajika, `/lib/modules/5.15.0-25-generic`, haionekani.

Hapo ndipo mtu mwenye usingizi anapoumia. Ningekuwa macho ningejiuliza hiyo 5.15 imetoka wapi, ilhali nimetoka kukompaili 6.6.21. Mimi nikaona tu kwamba kuna folda inakosekana, basi nikaenda kuileta. Flashi niliyowashia mashine ilikuwa ya Ubuntu 22.04, na moduli zake zote zilikuwemo. Nikazinakili kwenye mfumo mpya, nikaendesha dracut tena. Safari hii haikulalamika. Nikaweka GRUB, nikazima, nikachomoa flashi, nikawasha.

Kernel panic: keneli imekwama. VFS, sehemu yake inayoshughulikia mafaili, imeshindwa kupachika mfumo mkuu wa mafaili, `unknown-block(0,0)`. Nikaenda kulala.

Kosa langu lilikuwa dogo, na nimeona wengi wakilirudia. Amri ya chroot hubadilisha jambo moja tu: inaziambia programu kwamba mzizi wa mafaili, ile alama ya `/`, sasa uko mahali pengine. Keneli inayoendesha mashine haiguswi. Umehama chumba, hujahama nyumba, na mwenye nyumba ni yule yule uliyekuja naye kwenye flashi. Ukiandika `uname -r` unamuuliza yeye jina lake, yaani toleo lake, naye anakutajia lake kwa haki kabisa. Dracut nayo, usipoitajia toleo, inamuuliza huyo huyo. Depmod, inayoorodhesha moduli, vivyo hivyo. Hata mkinitcpio, inayotengeneza initramfs kwenye Arch Linux, ukiipa `-g` (tengeneza) bila `-k` (toleo la keneli), inakwenda njia hiyo hiyo.

Matokeo yake, initramfs yangu ilizaliwa na jina la 5.15. GRUB huoanisha keneli na initramfs kwa kufuata jina la toleo, kwa hiyo keneli yangu, `vmlinuz-6.6.21-gentoo`, ikakosa mwenzake, ikawashwa peke yake. Na kiendeshi cha NVMe, yaani cha diski yangu, nilikuwa nimekiacha kama moduli badala ya kukijenga ndani ya keneli. Moduli iko kwenye diski, na diski haionekani mpaka moduli ipakiwe. Nyumba imefungwa, ufunguo uko ndani.

Siku hizi naanza na `ls /lib/modules`. Majina ya folda utakazoziona hapo ndiyo majina kamili ya keneli zilizofungwa. Ikiwa ni moja, umemaliza. Zikiwa mbili au zaidi, linganisha na yaliyomo `/boot`, na kama bado una shaka endesha `file /boot/vmlinuz-*`. Hiyo inasoma toleo lililoandikwa ndani ya faili lenyewe, hata kama mtu alilibadilisha jina.

Kwa aliyekompaili mwenyewe kuna njia ninayoipenda zaidi: ingia `/usr/src/linux`, andika `make -s kernelrelease`. Inakupa jina zima pamoja na mkia wowote uliouweka kwenye CONFIG_LOCALVERSION. Mkia huo usiudharau. 6.6.21-gentoo na 6.6.21-gentoo-dist ni keneli mbili tofauti, kila moja na folda yake, na ukikosea herufi moja moduli hazitapatikana. Ila kumbuka `/usr/src/linux` ni kiungo tu. Kwenye Gentoo, `eselect kernel list` itakuonyesha kinaelekea wapi, maana kinaweza kuwa bado kimeshikilia msimbo wa zamani.

Ukishalijua jina, litaje wazi: `dracut --kver 6.6.21-gentoo --force`. Kisha fungua ulichotengeneza kwa `lsinitrd` uone kama kiendeshi cha diski yako kimo. Ni dakika moja.

Anayefunga Debian kwa debootstrap, chombo kinachoweka mfumo wa msingi, ana unafuu. Debootstrap haileti keneli. Unafunga `linux-image-amd64` mwenyewe, na kifurushi kinajua toleo lake, kinajitengenezea initramfs bila kumuuliza mtu. Ukilazimika kuitengeneza upya ukiwa bado kwenye chroot, tumia `update-initramfs -u -k all`. Kinachochanganya kule ni namba. Debian 12 inaweza kukuonyesha 6.1.0-18-amd64 wakati msimbo wenyewe ni 6.1.76. Wewe shika jina la folda, hilo ndilo linalotafutwa mashine inapowaka. Hiyo 6.1.76 utaihitaji unapofuatilia marekebisho ya usalama, siyo hapa.

Asubuhi nilirudi na flashi ile ile. Nikapachika diski, nikaingia chroot, nikafuta folda ya 5.15 niliyoibeba kwa mikono yangu pamoja na initramfs yake, nikaendesha dracut kwa jina sahihi, kisha `grub-mkconfig -o /boot/grub/grub.cfg`. Safari hii nilisoma ilichoandika. Mstari mmoja: `Found linux image: /boot/vmlinuz-6.6.21-gentoo`. Chini yake: `Found initrd image`, toleo lile lile. Usiku uliotangulia mstari huo wa pili haukuwepo, na mimi nilikuwa nimeshaanza kufunga begi. Usipouona, usizime mashine.