Kuwaleta watoto Kigoma kwa mwaka mmoja

Dada, nimekuelewa: wanao wawili wamezaliwa Denmark, wa kike ana miaka 9, wa kiume 6, Kiswahili wanakijua kidogo. Unataka wakae mwaka mzima nyumbani wajue Kiha, lugha yetu Waha, na ndugu zao, ila hujui mpange nyumba Kigoma mjini au mkae kwa bibi Kasulu.

Nendeni Kasulu. Mjini watoto wanacheza kwa Kiswahili, Kiha watakisikia kwa wakubwa tu. Mimi wangu niliwapangia nyumba Mwanga, hapo hapo Kigoma mjini. Miezi minne wakaondoka na salamu ya "mwakeye" peke yake. Likizo iliyofuata tukalala kijijini kwa mama. Wiki ya pili binti anachambua maharage na binamu zake, anataniwa kwa Kiha, naye anajibu! Ugali wa muhogo aliukataa siku tatu. Migebuka, samaki wa ziwani, hakubembelezwa.

Makaratasi: kama watoto wana pasipoti za Denmark, visa ya matembezi haiwaruhusu kusoma shule. Ulizeni Uhamiaji kabla ya kukata tiketi.

Kinachonitia hofu zaidi ni malaria. Watoto waliokulia Ulaya hawana kinga nayo, kwa hiyo muone daktari huko huko kuhusu dawa za kujikinga. Wakiwa hapa, homa yoyote ni kupima siku hiyo hiyo, usisubiri kukuche. Na wakitaka kuogelea ziwani, kichocho kipo.

Bibi naye mwambieni mapema asiwasemeshe Kiswahili. Atalalamika kwamba wajukuu hawamwelewi, msilegeze.