Maswali ya malisho: mbegu za kununua, siku za paddoki, fensi na kupe

Maswali yamejaa tena na mengi yanafanana, nimechukua matano nayajibu kama yalivyokuja. Ambaye hajajibiwa asinune, zamu yake inakuja.

*Nipo Kongwa, nina eka 30 na ng'ombe 20. Rafiki kaniambia niling'oe pori lote nipande brakiaria ndo nianze kuzungusha ng'ombe kipande hadi kipande. Ni sawa?*

Weka jembe chini kwanza. Hilo pori tembea ulikague, ukiona nyasi zenye kichwa kirefu cha manyoya kama mkia wa mbweha hiyo ni senkrasi na hapo ulipo ndo kwao kabisa. Miaka ya 1930 mbegu zake zilichukuliwa hapo hapo Dodoma zikapelekwa Australia, wakazikuza wakapata aina wanayoiita Biloela, wafugaji wa kule wamenenepeshea ng'ombe wao miaka na miaka, sisi wenye mali tunaita "majani tu". Na hiyo brakiaria nayo asili yake Afrika, ikaenda Amerika Kusini, ikachanganywa Colombia, ikarudi kwetu inaitwa Mulato na bei imeshapanda. Sisemi mbaya, ukiwa sehemu yenye mvua za kutosha ni nyasi nzuri sana, ila kwa mvua za Kongwa mimi ningeanza na kilichopo. Funga kipande kimoja msimu mzima ng'ombe wasikanyage uone kinachoota bila kununua hata gramu. Patakapobaki kipara ndo upande, na upande hapo tu.

*Ng'ombe wakae siku ngapi kila paddoki (kipande cha malisho kilichogawanywa)? Mmoja kaniambia 3, mwingine 7, mwingine mwezi.*

Hili ndo swali lenyewe, na wote watatu wanaweza kuwa sahihi kutegemea na nyasi zilizopo. Nyasi ikishaliwa inatoa jani jipya kwa kutumia akiba iliyobaki kwenye shina na mizizi, na ng'ombe analipenda hilo jani changa kuliko chochote, sasa akilirudia kabla halijarudisha deni, hapo ndo unaua malisho. Kwa hiyo kipindi cha mvua hakikisha wametoka kabla machipukizi hayajafika mdomoni mwao, isizidi wiki hivi.

Hesabu sio ngumu. Pima eneo la mita moja kwa mita moja, kata nyasi zote, anika mpaka zikauke kabisa, pima. Chukulia umepata gramu 150, hiyo ni kama kilo 600 kwa eka. Nusu unaiacha (hapa watu wanaona roho inauma, acha tu, ndo inayofunika udongo na kuchipua tena), inabaki kilo 300 za kula. Ng'ombe wa kilo 300 anakula kama kilo 7 na nusu za majani makavu kwa siku, ishirini ni kilo 150, kwa hiyo eka moja ni siku mbili. Ndugu yangu wa Kongwa ukigawa eka zako 30 mara kumi, kila paddoki ya eka 3 ni siku sita, ukirudi ya kwanza imepumzika siku 54. Kwa mvua inatosha. Kiangazi sasa hizo siku hazina maana tena kwa sababu hakuna kinachoota, unakula stoo tu, na kusema kweli kwa ng'ombe 20 hiyo stoo haikufikishi mvua zinazofuata, ama uvune hei mapema ama upunguze wachache wakiwa bado wana bei. Kuzungusha hakuongezi eka.

Ukitaka kujua kama umepatia bila mizani, shika shina zima la nyasi uvute. Lililochoka linakuja lote mkononi na vimizizi kama ndevu za mbuzi, lililopumzika utaumiza mgongo.

*Sina hela ya fensi, nipo Kishapu. Nitagawaje paddoki?*

Ngosha, wewe wa Kishapu ndo unaniuliza mimi? Ngitili! Babu zako walikuwa wanafunga eneo mvua zikianza, ng'ombe hawagusi, linafunguliwa kiangazi kikikolea na mabua shambani yameisha. Shinyanga ilishakuwa kipara, miti ilifyekwa kuua mbung'o na kupata mashamba ya pamba, mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulipoanza 1986 ukawarudisha watu kwenye ngitili zao na mpaka unaisha 2004 zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudi, na sehemu kubwa haikuzungushiwa waya wowote. Fensi yake ilikuwa makubaliano, ukiingiza ng'ombe unaitwa dagashida, baraza la jadi la Wasukuma, unalipa. Wewe tumia alama za kawaida, korongo, njia, mstari wa miiba, na mchungaji anayejua leo ni upande gani. Huyo mchungaji mlipe vizuri, mtoto aliyetoka shule kachoka atawapeleka karibu na maji kila siku.

*Nilipanda senkrasi mwaka jana hazikuota. Nimeibiwa? (mama mfugaji, Singida)*

Inawezekana dada, mimi mwenyewe duka moja liliniuzia manyoya matupu. Chukua kidogo weka kiganjani, sugua, puliza, uone kama kinabaki kipunje. Alafu panga mbegu 100 kwenye kitambaa chenye unyevu, baada ya wiki mbili hesabu zilizoota. Ila pia zinaweza kuwa mpya mno, senkrasi iliyotoka kuvunwa inalala, iweke stoo pakavu miezi sita au zaidi ndo upande. Na nahisi ulifukia kama mahindi! Chora mifereji myepesi inayokinga maji, mwaga mbegu juu juu kabla ya mvua, buruza tawi la mgunga, basi. Msimu wa kwanza usilishe mpaka zidondoshe mbegu.

*Nikizungusha malisho naweza kuacha josho?*

Hapana. Kupe wa ndigana kali anaweza kukaa kwenye majani zaidi ya mwaka hajala akikusubiri, hizo siku zako 54 kwake ni usingizi wa mchana. Minyoo inaweza kupungua kidogo maana jua linaua viluwiluwi kwenye nyasi, lakini dawa ya kupe iendelee kwa ratiba ile ile uliyopewa na mtaalamu wa mifugo, mvua zikianza ndo usikose kabisa.