Molekuli za sabuni: zipo, ziko au zimo?

SWALI: Nafundisha kikundi cha akina mama kutengeneza sabuni ya mche. Katika maelezo yangu niliandika: "Molekuli za sabuni zimo kati ya mafuta na maji." Mwenzangu kafuta "zimo" akaweka "zipo". Nani kapatia?

JIBU: Mwenzako kapatia, Mwalimu, ila asizifute "zimo" zako zote. Utazihitaji sentensi inayofuata.

Viambishi hivi ni vya mahali. -Po- ni mahali mahususi, panapoweza kunyooshewa kidole. -Ko- ni mahali pa jumla, pasipo dhahiri. -Mo- ni ndani. Samaki wamo baharini, dau lipo juu ya maji hayo hayo. Bahari ni moja, lakini kilichozama na kinachoelea havisemwi kwa kiambishi kimoja.

Sasa itazame molekuli ya sabuni. Ina kichwa na mkia. Kichwa kina chaji ya umeme, nacho hupatana na maji. Mkia ni mnyororo wa atomi za kaboni. Ukihesabu na kaboni ya kichwani, atomi hizo huwa 12 hadi 18. Sabuni ya mafuta ya nazi ina molekuli nyingi za kaboni 12, ya mawese ina nyingi za 16 na 18. Mkia huo haupatani na maji hata kidogo, hivyo hujichomeka kwenye mafuta.

Basi molekuli nzima haimo majini wala haimo mafutani. Ipo pale mafuta yanapokutana na maji, na nyingine zimesimama ubavuni mwake, bega kwa bega, mithili ya waumini katika safu ya sala. Safu yenyewe ina unene wa nanomita 2 hivi, yaani sehemu mbili za bilioni ya mita. Hapo ni mpakani tu, hapana ndani ya kuingia, ndiyo maana "zimo" haikai. Viungo vyake ndivyo vinavyoitaka -mo-: vichwa vimo majini, mikia imo mafutani.

Waonyeshe kwa sahani. Mimina maji, dondoshea mafuta ya kula kidogo yatande juu, kisha gusa katikati kwa ncha ya kidole yenye sabuni. Mafuta yatakimbilia ukingoni mara moja, kwa sababu sabuni imetwaa uso wa maji.

Nafasi za mpakani zikijaa, molekuli zinazobaki hukusanyika majini kuwa vifundo, vichwa nje, mikia ndani, isiguse maji. Wakemia huviita miseli. Hapo ndipo "zimo" yako inaporudi kwa haki: molekuli hizo, kichwa na mkia, zimo majini.

Kuna kosa jingine ambalo hujaliuliza, lakini huwa halikosekani katika maelezo ya namna hii: "sabuni huyeyusha mafuta." Sukari ndiyo huyeyuka katika chai. Mafuta ya sufuria, ukiyasugua kwa sabuni, huvunjika vitone, kila kitone kikavikwa safu ya molekuli zisizokiacha kiungane na kingine. Vitone vimo majini, bado ni mafuta. Msemo wa jikoni, "sabuni inakata mafuta", uko karibu zaidi na ukweli, nami ningeuandika bila kusita.

Najua wengi, hasa Nairobi, wangesema "ziko" kwa yote haya. Mazungumzoni sigombi. Katika somo hili, "ziko" humwacha mwanafunzi asijue kilichozama na kilichosimama mpakani.

Andika hivi: "Molekuli za sabuni zipo mpakani pa mafuta na maji, vichwa vyake vimo majini, mikia yake imo mafutani." Na iwe "mpakani pa", ingawa redioni umezoea "mpakani mwa Kenya na Tanzania". Mpaka wa nchi una eneo ambalo mtu aweza kuwa ndani yake.