Wastani wa asilimia 66 ni GPA ngapi?

SWALI: Nilisoma shahada ya kwanza ya biashara katika chuo kikuu kimoja nchini Kenya, na sasa ninaishi Arusha. Transkripti yangu ina asilimia tupu, wastani wake ni 66, na cheti kinasema daraja la pili la juu. Ninaomba kusoma shahada ya uzamili hapa Tanzania na pia Marekani. Fomu ya kwanza inataka GPA (wastani wa pointi za kozi) ya kipimo cha 5, ya pili inataka ya kipimo cha 4. Shemeji yangu amenielekeza nigawanye 66 kwa 20, kisha kwa 25. Nimepata 3.3 na 2.64, nami ninaona kama nimeshushwa daraja. Kosa liko wapi?

JIBU: Hesabu yako ni sahihi, ila kanuni uliyopewa haifai, na hisia yako ya kushushwa daraja ni ya kweli. Katika vyuo vikuu vya Tanzania, shahada ya kwanza yenye GPA ya 3.5 hadi 4.3 huwa ni ya daraja la pili la juu, na ile ya 2.7 hadi 3.4 ni ya daraja la pili la chini. Kwa kuandika 3.3 ungekuwa umejivua mwenyewe daraja ambalo chuo chako kimekupa.

Anayegawanya kwa 20 anachukulia kwamba pointi 5 ni za mwanafunzi aliyepata 100, ilhali kwa jedwali linalotumika hapa nchini pointi 5 huanzia alama 70. Kozi yenye alama 70 hadi 100 ni A na ina pointi 5. 60 hadi 69 ni B+, pointi 4. 50 hadi 59 ni B, pointi 3. 40 hadi 49 ni C, pointi 2. 35 hadi 39 ni D, pointi 1. Chini ya hapo ni E, ambayo haina pointi. Pointi hupanda kwa ngazi, hazipandi pamoja na kila alama moja, na ndiyo sababu hakuna namba moja ya kuzidishia au kugawanyia itakayotoa jibu sahihi.

Kwa hiyo ubadilishaji hufanywa kozi kwa kozi: alama ya kila kozi hugeuzwa kuwa pointi, pointi huzidishwa kwa uniti za kozi hiyo (namba inayoonyesha uzito wake), mazao yote hujumlishwa, kisha jumla hugawanywa kwa uniti zote. Tuseme muhula mmoja ulikuwa na Takwimu 72, Uhasibu 64, Sheria ya Biashara 58 na Uchumi 61, kila moja uniti 3, pamoja na Stadi za Mawasiliano 77 yenye uniti 2. Pointi zake ni 15, 12, 9, 12 na 10, jumla 58. Ukigawanya kwa uniti 14 unapata 4.14, yaani 4.1. Wastani wa asilimia wa muhula huohuo ni 65.6, ambao kwa kanuni ya shemeji yako ungetoa 3.3 tu.

Usijaribu pia njia ya mkato ya kutafuta wastani wa asilimia kwanza na kuupeleka kwenye jedwali baadaye. Chukua wanafunzi wawili wenye kozi nne za uzito sawa: mmoja amepata 69, 69, 59 na 59, mwingine 70, 70, 60 na 60. Wastani wao ni 64 na 65, na jedwali lingewapa wote pointi 4. Kozi kwa kozi, wa kwanza ana 3.5 na wa pili ana 4.5, ambayo ni daraja la kwanza. Unaweza kuuona mfumo huu kuwa mkali, nami sitabisha, lakini ndivyo ulivyo.

Jihadhari na herufi. Katika vyuo vingi vya Kenya alama 60 hadi 69 ni B, na B hiyo ukiihamishia kwenye jedwali la Tanzania inapata pointi 3 badala ya 4. Hamisha alama, herufi ziache.

Kuhusu fomu ya Marekani, ninakushauri usijikokotolee kabisa. Huko vyuo vingi huanza A kwenye 90, na 66 huwa D yenye pointi 1, hivyo jedwali lao halikufai; na 2.64 iko chini ya 3.0 ambayo shule nyingi za uzamili za huko huitaka. Vikokotoo vya intaneti navyo vina hatari yake. Vingine hugawanya asilimia kwa 9.5, namba iliyotokana na mitihani ya sekondari ya bodi ya CBSE ya India, ambayo haihusiani na transkripti yako hata kidogo. Kama fomu inaruhusu, andika 66 kwa kipimo cha 100, taja daraja lako, na uambatanishe ukurasa wa transkripti wenye maelezo ya alama. Kama hairuhusu, uliza chuo kama kinapokea tathmini ya taasisi kama World Education Services, na uombe ile ya kozi kwa kozi, kwa kuwa ile ya cheti peke yake haitoi GPA.

Kwa maombi ya hapa nchini, shahada ya nje hupitia utambuzi wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kwa hiyo anza na hilo mapema. GPA uliyoikokotoa mwenyewe iandike pamoja na neno "makadirio", na 3.48 isiwe 3.5 mkononi mwako: uamuzi wa kupandisha desimali ni wa chuo.